Chini ya Sitaha

Tumekodi boti kwa siku tatu,
Mtwara hadi Kilwa, kulala Lindi njiani.
Hela ni ya korosho, mnada wa pili,
na mimi, kwa kosa la kuwa na mwandiko mzuri,
nimepewa daftari.

Watu ishirini na sita. Ishirini na saba
kama mume wa Esha atapata ruhusa kiwandani.
Majaketi ya kuokolea: ishirini na nne.
Hapo nimeweka alama ya kuuliza, nikaizungushia duara,
na kila nikifungua ukurasa duara linanitazama
kama jicho la changu kwenye beseni.

Somoe anasema safari bila sare ni msafara wa mazishi.
Anataka mada. Neno hilo kalitoa Dodoma, kazini,
kalibeba hadi Shangani, kibarazani kwetu,
akalitua kando ya sinia la ming'oko.
Watoto wakaruka: "Maharamia!"
Shangazi Nambuta akakohoa.
"Mjukuu wangu havai kitambaa jichoni.
Macho yake yote mawili nimeyaombea."
Mtu akataja Simba na Yanga,
akanyamazishwa kabla hajamaliza,
maana boti ni moja na bahari haina mlango wa uani.

Ndipo Somoe akatoa picha:
Baba, kijana, kofia nyeupe, tabasamu la mkopo,
nyuma yake meli iliyotuunganisha na Dar
enzi Rufiji inavukwa kwa pantoni
na masika yanameza malori.
"Mada ndiyo hii. Meli ya Baba.
Sote mashati meupe, dhahabu mabegani,
na yeye ndiye nahodha."
Tukapiga makofi. Nikaandika: kofia 26.
Fundi Mchopa akataja bei, nikaikata nusu,
akanikata jicho.

Muda wote huo Baba yupo,
anamenya ming'oko, anapanga maganda kwa ukubwa
kama mtu atakayeyafunga tena mahali pake.

"Kofia ile," akasema, "haikuwa yangu.
Ilikuwa ya mpiga picha. Ina chawa."

Tukacheka. Yeye hakucheka.

"Miaka kumi na moja nilikuwa chini, kwenye injini.
Mtwara niliijua kwa kengele: moja, punguza; mbili, simama.
Lindi ni pale pampu ya pili inapoanza kugoma.
Kilwa nimefika mara mia nne.
Kilwa sijaiona.
Nikipanda juu ni usiku, mizigo imeshashuka,
na mikono hii, hata kwa mchanga, haitakati.
Mama yenu alininusa kabla sijabisha hodi."

Nasma, wa darasa la pili, ndiye aliyeuliza:
"Sasa babu, baharini kukoje?"
Akafikiri kama anayetafuta namba ya simu ya zamani.
"Kelele," akasema. "Na joto."

Usiku nimekaa na daftari.
Nimefuta kofia. Nimefuta dhahabu.
Somoe alinuna, kisha saa tano akapiga simu:
kwa Dadi wa mitumba kuna ovaroli za buluu,
tuvae sote, mpaka Shangazi,
Baba peke yake avae shati jeupe.
Nikamwambia, tusimfanye nahodha tena.
Akasema, "Nimetaja shati. Kofia sijaitaja."
Tukakaa kimya, salio likiisha.

Nimeandika:
Kiti kimoja, chenye mgongo, sitahani, mbele kabisa,
upande wa kushoto, ambako nchi kavu itakuwa.
Tuondoke alfajiri, kila mahali tufike kweupe.
Kilwa, boti ipunguze mwendo mapema.
Asipigwe picha kabla hajamaliza kutazama.
Kengele: niulize kama ipo.
Ikiwepo, ifungwe kitambaa.

Majaketi bado ishirini na nne.
Duara linanitazama.
Kesho, kabla ya chai, nakwenda bandarini.